Wareham na Purbeck Vijijini, wilaya iliyokufa bila matanga

Niliinunua karatasi hiyo kwa pauni moja na nusu. Ilikuwa ndani ya boksi la viatu lililojaa bahasha, kadi za Krismasi na picha za watu ambao hakuna anayewajua tena, mezani kwa mzee mmoja anayeuza vitu chakavu sokoni Wareham, mji mdogo wa kusini mwa Uingereza. Imekunjwa mara nne na mikunjo imeanza kuachia. Jina la mdaiwa limefunikwa na doa la chai. Ni hati ya kudai kodi ya nyumba, na upande wa kulia ina safu tatu nyembamba za kuandikia hela: pauni, shilingi, peni. Juu kabisa, kwa herufi nzito, limepigwa chapa jina la mdai: Wareham and Purbeck Rural District Council.

Mtu aliyekulia Kigoma hahitaji mkalimani hapo. Halmashauri ya Wilaya, Wareham na Purbeck Vijijini. Mimi cheti changu cha darasa la saba kina muhuri wa Kigoma Vijijini, kwa hiyo nilicheka peke yangu pale sokoni kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Mzee akaniuliza nacheka nini, nikamwonyesha. Akaitazama kwa mbali bila miwani, akasema, "Hao walishakufa zamani." Nilidhani anamsema mwenye nyumba, kumbe alikuwa anaisema halmashauri.

Hiyo safu ya katikati nayo, shilingi, Waingereza waliitupa Februari 1971. Sisi tuliopewa nao ndio tumebaki tukiihesabu.

Kazi yangu ni ya kuhudumia wazee, zamu za usiku, mji wa Poole. Siku za mapumziko wenzangu hulala. Mimi tangu Jumamosi ile nimekuwa nikipanda basi au kuomba lifti, nikaitembelea wilaya isiyokuwepo, parokia baada ya parokia. Dereva wangu mara nyingi ni dada mmoja Mmalawi tunayefanya naye zamu, ambaye anaamini nina kasoro kichwani lakini anapenda kuendesha gari mashambani.

Niseme kwanza mahali penyewe palipo. Dorset ni kaunti ya pwani ya kusini mwa Uingereza, na upande wake wa mashariki kuna kipande cha nchi kinachoitwa Kisiwa cha Purbeck. Si kisiwa. Kusini na mashariki ni bahari, kaskazini kuna mto Frome unaomwaga maji kwenye ghuba ya bandari ya Poole, na magharibi unaweza kutoka kwa miguu bila kulowa hata kidole. Sijapata Mwingereza anayeona ajabu kuita hicho kisiwa. Juu ya Frome nchi inageuka kuwa nyika ya mchanga yenye vichaka vya maua ya rangi ya zambarau, na huko nako wilaya ilifika.

Wilaya hii haikuchorwa na mfalme wala na vita. Ilichorwa na maskini, kisha na vyoo. Mwaka 1834 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kuwatunza maskini, na parokia zikalazimishwa kuungana makundi makundi ili kila kundi liwe na nyumba moja ya kuwaweka wasio na chakula, wafanyishwe kazi na kulishwa uji. Kundi la Wareham na Purbeck liliundwa mwaka 1836, na nyumba yao ikajengwa pembeni mwa Wareham. Miongo minne baadaye, kwenye sheria za afya za 1872 na 1875, serikali ilitafuta mtu wa kusimamia mitaro na visima vijijini, ikaona mipaka ya maskini tayari ipo. Ikaitumia hiyo hiyo. Halafu ikaja Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1894, ikachukua eneo hilo lile lile la mitaro na kulibatiza wilaya ya vijijini, lenye madiwani wa kuchaguliwa. Diwani wa parokia yako ndiye huyo huyo aliyekwenda kukaa kwenye bodi ya maskini, mpaka bodi hizo zilipofutwa mwaka 1930.

Mji wa Wareham wenyewe haukuwa ndani ya Wareham Vijijini. Ulikuwa manispaa kamili, na mipaka yake ililizunguka boma la udongo lililojengwa enzi za Waanglo-Saxon. Ukiichora wilaya kwenye karatasi inafanana na ile senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, yenye tundu katikati. Swanage, mji wa ufukweni upande wa mashariki, nao ulijitenga na halmashauri yake. Vilivyobaki vyote, yaani mashamba, machimbo ya mawe, nyika, makanisa na baa, vikawa Vijijini.

Hapa inabidi nilifungue neno parokia, maana kwetu limebaki la kanisa. Mkatoliki ana parokia, Mlutheri ana usharika, na mambo ya kiserikali yako kwa mtendaji wa kijiji. Uingereza kwa karne nyingi vitu hivyo vilikuwa kimoja. Eneo la padri lilikuwa ndilo eneo la kodi, la barabara, la maskini na la mbwa wanaozurura. Waliosimamia yote hayo walikaa kwenye baraza lililoitwa vestri, kwa jina la kile chumba ambamo padri huvaa joho. Kiti cha mbele ni cha padri, na cha pembeni yake ni cha mwenye ardhi. Mkulima mdogo akiwa na la kusema, analisema akijua kwamba nyumba anayolala ni ya yule anayemsikiliza.

Sheria ya 1894 iliupasua mti huo katikati. Mambo ya ibada yakabaki kanisani, ya dunia yakapewa parokia ya kiraia. Parokia yenye watu 300 au zaidi ilipata baraza la kuchaguliwa, na ndogo kuliko hapo ikapata mkutano wa parokia, ambapo kila mpiga kura anakuja mwenyewe na kunyoosha mkono. Wanawake, walioolewa na wasioolewa, waliruhusiwa kupiga kura na kugombea, miaka 24 kabla mwanamke yeyote hajapiga kura ya kuchagua mbunge. Mkutano usianze kabla ya saa kumi na mbili jioni, ili mtu anayelima shamba la mwenzake naye aweze kufika. Usifanyike mahali panapouzwa pombe, isipokuwa kama kweli hakuna chumba kingine. Niliposoma masharti hayo nilimwona mwenyekiti wetu wa kijiji amesimama chini ya mwembe akiwaomba wazee waliotoka kilabuni wakae nyuma.

Majina ya parokia za wilaya hii yanatosha kumfanya mtu apende kazi ya ukarani. Bere Regis. Winfrith Newburgh. Worth Matravers, Langton Matravers na Lytchett Matravers, zote tatu zikibeba jina la ukoo mmoja wa makabaila wa zamani. Chaldon Herring haina samaki, ila ilikuwa na ukoo wa Harang. Affpuddle na Turners Puddle zimepewa jina na mto Piddle, ambao watoto wa Kiingereza hawawezi kuutaja bila kucheka, kwa sababu neno hilo ndilo wanalosema wakitaka kwenda haja ndogo.

Worth Matravers iko juu ya majabali ya pwani, nyumba zote za mawe ya kijivu, kidimbwi cha bata katikati. Makaburini kuna jiwe la mkulima aliyeitwa Benjamin Jesty. Mwaka 1774, alipokuwa bado anaishi upande mwingine wa Dorset, ndui ilipiga eneo lao. Jesty alikuwa amewahi kupata ndui ya ng'ombe, na alijua, kama wakamuaji wengi walivyojua, kwamba aliyepata ile ya ng'ombe haguswi na ile inayoua watu. Akachukua usaha kwenye kiwele cha ng'ombe wa jirani, akachanja mkono wa mke wake na ya watoto wake wawili wa kiume kwa sindano ya kufumia soksi. Daktari Edward Jenner, anayetajwa vitabuni, alifanya jaribio lake mwaka 1796. Miaka 22 katikati! Majirani walimzomea Jesty kama mtu aliyetaka kuigeuza familia yake mifugo. Baadaye alihamia shamba la Downshay, parokia ya Worth, na mwaka 1805 akaitwa London apewe heshima zake, akachorwa picha. Jiwe la kaburi linasifu ujasiri wa akili yake kwa kuthubutu kumjaribu mkewe na wanawe. Mke huyo, Elizabeth, mkono ulimvimba akaugua vibaya, na amelala kaburi la pembeni. Jiwe la ujasiri ni la mume.

East Lulworth nilikwenda kwa sababu ya kanisa. Ukoo wa Weld, wenye kasri pale, ulibaki Katoliki wakati Ukatoliki ulikuwa unamfungia mtu milango yote ya nchi hii. Mwaka 1786 walijenga kanisa bustanini, la kwanza la Kikatoliki kusimama peke yake kwa ajili ya watu kusali tangu Uingereza ilipoachana na Roma. Inasimuliwa kwamba Mfalme George III alimkubalia Thomas Weld, ila lisionekane kanisa. Basi lilijengwa la mviringo, lina kuba, na mpita njia angedhani ni kaburi la tajiri. Agosti 1790 humo humo aliwekwa wakfu John Carroll, askofu wa kwanza Mkatoliki wa Marekani. Askofu wa nchi nzima amepatikana kwenye jengo linalojifanya si kanisa. Dada Mmalawi, ambaye ni Mkatoliki, alikaa humo ndani karibu saa nzima. Mimi nilikuwa nje nikila sandwichi.

Corfe Castle ndiyo yenye watalii. Magofu ya ngome yamekaa juu ya kilima, kuta zimeinama kila upande, na hazikuinamishwa na uzee. Wakati wa vita kati ya mfalme na Bunge, Lady Mary Bankes aliilinda ngome hiyo mumewe akiwa hayupo. Ikaanguka Februari 1646 kwa usaliti wa mmoja wa waliokuwa ndani, kisha Bunge likaamuru ibomolewe kwa baruti. Wanakijiji walijichukulia mawe, na nyumba nyingi za pale zimejengwa kwa ngome.

Kilichonishika mimi si ngome. Ni pilipili manga. Purbeck inachimba mawe tangu zamani sana, na lile jiwe lake la kung'aa liitwalo marumaru ya Purbeck limesimamisha nguzo za Kanisa Kuu la Salisbury na za Westminster Abbey. Wachimbaji wana chama chao cha kale kinachokutana Corfe kila mwaka siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu. Kijana anayeingia chamani anatoa shilingi sita na peni nane, mkate wa peni moja, na kikombe kikubwa cha bia ambacho anatakiwa akifikishe mkutanoni huku wenzake wakifanya kila njia kukimwaga. Halafu wanapiga mpira njiani, na pauni moja ya pilipili manga inapelekwa Ower, kwenye gati la zamani kando ya bandari ya Poole, kama malipo ya haki ya kupitisha mawe. Gati halitumiki tena, mawe yanaondoka kwa lori, na pilipili bado inalipwa.

Nimekulia kwenye maji ya Tanganyika, si ya bahari ya Hindi, lakini nilikaa Zanzibar miaka miwili na najua bei ya kiganja cha pilipili manga. Wachimbaji wa mawe wa Dorset walipopanga kodi kwa kitu hicho, kilikuwa kimetoka pwani ya Malabar, kwenye maji yale yale ya kaskazi na kusi. Mtu anaweza kuilinda njia ya mawe mahali pa mbali namna hii kwa punje zilizokuja kwa tanga.

Bovington, upande wa nyikani, ni ya jeshi tangu 1899, na mwaka 1916 vikafika vifaru, kitu kipya kabisa duniani. Mwaka 1923 alifika pale mwanajeshi wa cheo cha chini aliyejiandikisha kwa jina la Shaw. Alikuwa T. E. Lawrence, yule wa Arabuni, ofisa Mwingereza aliyesifika kwa kupigana pamoja na Waarabu kwenye Vita vya Kwanza, akijificha asijulikane. Alikodi kibanda kinachoitwa Clouds Hill, parokia ya Turners Puddle, akakitengeneza chumba baada ya chumba, na Mei 1935 alianguka na pikipiki karibu na hapo, akafa baada ya siku sita. Kaburi lake liko Moreton. Ila sanamu yake iko Wareham, kwenye lile tundu la senti, ndani ya kanisa dogo la St Martin juu ya boma la udongo.

Niliingia humo mvua inanyesha, bila kujua kinachonisubiri. Amelala chali, jiwe jeupe, kazi ya Eric Kennington. Amevaa kanzu na joho, kichwani kitambaa na kamba yake. Kichwa kimeegemea tandiko la ngamia, pembeni vitabu vitatu, na mkono umeshika mpini wa jambia. Nilijikuta namsalimia kimoyomoyo, asalaam aleikum, kwa mazoea tu, kama mtu anavyofanya akikuta mzee amejinyoosha barazani Mji Mkongwe. Mama aliyekuwa akipanga maua aliniuliza kama namfahamu. Nikamwambia namfahamu mavazi.

Mengine nitayapita. Kimmeridge ina pampu ya mafuta ufukweni inayoinamisha na kuinua kichwa kama punda anywaye maji, na huko Wytch Farm kuna eneo la visima vya mafuta kubwa kuliko yote ya nchi kavu Ulaya magharibi, lililofichwa kwenye misonobari. Winfrith ilipewa mitambo ya nyuklia ya utafiti kuanzia 1957. Kanisa la Steeple lina nembo ya mababu wa George Washington, nyota na mistari. Halmashauri yenyewe, katikati ya makubwa yote hayo, ilikuwa ikikusanya taka, kuvuta mabomba ya maji, kujenga nyumba za kupangisha na kudai kodi kwa karatasi kama yangu. Sidhani aliyepata bomba alimshukuru diwani. Bomba likishatoa maji, nani anauliza limetoka wapi?

Tyneham nilikuwa naisogeza mbele kwa makusudi.

Hakuna basi. Unapanda kilima kwa gari, juu unaona bahari pande mbili, halafu barabara inashuka kwenye bonde lenye ubao wa jeshi: siku za kulenga shabaha bendera nyekundu zinapepea na geti linafungwa. Tulifika Jumapili, geti wazi. Kila hatua kuna vigingi vya rangi ya njano, na maandishi yanayokuambia usitoke nje yake, maana mabomu ambayo hayakulipuka bado yamo kwenye nyasi.

Ilikuwa parokia ndogo. Kanisa la St Mary, shule, safu ya nyumba za wafanyakazi yenye posta, nyumba ya padri, jumba la ukoo wa Bond, na chini kabisa ghuba ya Worbarrow, walikoishi wavuvi. Umeme haukuwahi kufika. Shule ilifungwa mwaka 1932 kwa kukosa watoto. Kwa hiyo kijiji kilikuwa tayari kinapungua, na hilo wapenzi wa Tyneham hawapendi sana kulisema. Lakini kupungua si kufukuzwa.

Tarehe 16 Novemba 1943 jeshi liliwaandikia watu wa bonde barua. Eneo lilihitajika kwa mazoezi ya vifaru, nao wawe wameondoka kabla ya tarehe 19 Desemba. Zaidi ya watu 200 walihamishwa pale na kwenye mashamba ya jirani, wiki moja kabla ya Krismasi. Barua iliwaambia wasidhani kuhamishwa kumewapotezea haki ya kurudi. Kwenye mlango wa kanisa waliacha karatasi, wakiwaomba wanaokuja waitunze nyumba ya ibada na nyumba zao, kwa sababu wametoa makazi ya vizazi vingi ili kusaidia nchi ishinde vita, na siku moja watarudi. Hawakurudi. Mwaka 1948 serikali ililinunua eneo kwa lazima, vita vingine, Vita Baridi, vikiwa vimeanza. Karibu wote walikuwa wapangaji wa ukoo wa Bond, hawakuwa na ardhi ya kulipwa, na walichofidiwa ni thamani ya mboga zilizokuwa bustanini.

Kabichi, vitunguu, karoti za Desemba. Nilisimama mbele ya nyumba moja isiyo na paa nikajaribu kufikiria ofisa akizihesabu.

Nyumba zote zimebaki kuta tu. Sehemu za moto bado ziko ukutani, moja chini, moja juu yake hewani, mahali palipokuwa sakafu ya ghorofa. Mbele ya posta kuna kibanda cha simu cheupe, si kile cha awali. Shule imetengenezwa ikawa kama siku ya masomo: madawati, daftari za elimu ya viumbe, na ukutani vigingi vya kutundikia makoti, kila kigingi na jina la mtoto. Dada Mmalawi alitundika koti lake kwenye kimoja, akalitoa haraka kama ameungua.

Mwaka 1968 Rodney Legg, mwandishi na mwanaharakati wa Dorset, alianzisha kikundi cha kudai Tyneham irudishwe. Mwaka 1973 kamati ya serikali, chini ya Lord Nugent, ilipendekeza kweli jeshi lihamishie mafunzo yale Wales na ardhi iachiwe. Agosti 1974 serikali ikalikataa pendekezo, na wananchi wakaruhusiwa tu kutembea humo wikendi nyingi na siku za likizo. Wakati jibu hilo linatoka, halmashauri iliyokuwa na Tyneham ndani ya mipaka yake ilikuwa imeshafutwa miezi minne iliyopita.

Ilifutwa tarehe 1 Aprili 1974, pamoja na wilaya za vijijini zaidi ya 400 za Uingereza na Wales, kwa sheria iliyopitishwa 1972. Iliunganishwa na Wareham na Swanage ikawa Wilaya ya Purbeck, tundu la senti likazibwa. Sijasikia kwamba kuna mtu aliandamana. Purbeck nayo ilifutwa tarehe 1 Aprili 2019 na kumezwa na Halmashauri ya Dorset. Wazee ninaowahudumia wanaipita wilaya kama wanavyopita kituo cha basi. Ukimwuliza mmoja ametoka wapi atakuambia Langton, au Worth, au Bere. Na jina la Tyneham, lenye vigingi vya makoti visivyo na makoti, limo mpaka leo kwenye orodha ya parokia za kiraia, limeunganishwa na la jirani: Steeple na Tyneham.

Mwaka huo wa 1972 Tanzania nayo ilizifuta halmashauri zake za wilaya, zile zilizojengwa kwa ramani ya Kiingereza tangu ukoloni, kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Zilirudishwa kwa sheria ya 1982. Na mwaka huo huo wa 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, watu wakahamishwa kutoka kwenye mashamba yao yaliyotawanyika wakapangwa kwenye vijiji vya barabarani. Baba yangu alikuwa na miaka kumi.

Nilimpigia usiku ule nikiwa zamu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Baridi inasemaje?"

Anaishi karibu na Ilagala, ambako tangu zaidi ya miaka kumi sasa ni Wilaya ya Uvinza, lakini ukimwuliza atasema Kigoma Vijijini na hatarekebishwa. Nikamsimulia Tyneham yote: barua, karatasi ya mlangoni, mabomu kwenye nyasi. Alisikiliza bila kuguna, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipofika kwenye fidia akanikatiza.

"Rudia hapo. Walilipwa nini?"

"Mboga, Baba. Zilizokuwa bustanini."

"Kwa hiyo mtu alikuja akazihesabu."

"Nadhani, Baba."

Kimya. Nikasikia jogoo wake, maana kule kulikuwa kumeanza kucha.

"Babu yako alikuwa na michikichi kumi na minne kule mlimani," akasema. "Kumi na minne inayozaa. Haikuhesabiwa na mtu." Halafu akaanza kunitajia: wa kwanza ulikuwa nyuma ya jiko, wa pili na wa tatu pacha njiani kuelekea mtoni, wa nne alipozikwa bibi.